Bima wanasema nisubiri nipone kwanza. Je, nisubiri?

Swali la msomaji: "Wakili, shikamoo. Miezi saba iliyopita nilikuwa navuka barabara kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, gari likanigonga. Nilivunjika mfupa wa paja, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma, na mpaka leo natembelea gongo. Dereva ameshtakiwa, kesi yake haijaisha. Watu wa bima ya gari lile ni wapole, hunipigia simu kila mwezi kunijulia hali. Wanasema hakuna haraka, nipone kwanza ndipo tuzungumze fidia. Mume wangu naye anasema haki ya mtu haipotei. Ila jirani amenitia hofu, ananiambia nimeshachelewa. Nimsikilize nani?"

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini. Haukuvunjika kwa kuguswa, kwa hiyo mtu asikufanye uone kwamba unalikuza jambo.

Nianze na swali ambalo hukuniuliza: lile gari ni la nani? Simsemei dereva, namsemea mwenye gari. Kama ni la mtu binafsi au kampuni, karibu kila mahali bado una muda, tena wa kutosha kufanya mambo kwa utulivu. Kama ni la serikali, la halmashauri au la shirika la umma, acha kusoma hapa umtafute wakili leo, maana huko muda huwa mfupi mno na mara nyingi kuna notisi ya kutoa kabla ya kesi yenyewe. Umetaja kampuni ya bima, kwa hiyo huenda ni la mtu binafsi, lakini usikisie. Taasisi za umma nazo hukata bima.

Hukuniambia uko nchi gani, basi nitakupa mifano ya sehemu mbalimbali uone jinsi jambo hili linavyobadilika. Kenya, madai ya uzembe dhidi ya mtu wa kawaida yana miaka 3. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Tanzania ni miaka 3 pia, ila ukitaka kuishtaki serikali lazima kwanza uipe notisi ya siku 90, kwa hiyo maandalizi yako yanaanza mapema zaidi. Katika jimbo la California, Marekani, mtu binafsi unamdai ndani ya miaka 2, lakini taasisi ya umma unatakiwa uipelekee madai ya maandishi ndani ya miezi 6. Ungekuwa huko na gari likawa la umma, kwa miezi yako saba jirani angekuwa amesema kweli: ungebaki kuomba ruhusa ya kupokelewa kwa kuchelewa, na kuomba ruhusa si sawa na kuwa na haki.

Kwingine tofauti ni kubwa zaidi. Majimbo ya Tennessee na Kentucky yanatoa mwaka mmoja kwa madai mengi ya kuumizwa. Louisiana nayo ilikuwa mwaka mmoja, ikaongeza hadi miwili kwa ajali za kuanzia Julai 2024. Uingereza na Wales ni miaka 3. Japani, tangu 2020, ni miaka 5 toka mtu ajue madhara na aliyeyasababisha. Ufaransa ni miaka 10, tena hawahesabu kutoka siku ya ajali bali kutoka siku ambayo madaktari wanasema jeraha limetulia. Na anayeumia ndani ya ndege ya safari ya kimataifa, kwa sehemu kubwa ya dunia anaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999: miaka 2, basi. Mguu uleule, kuvunjika kulekule, mahali pamoja dai limekufa kwa mwaka, mahali pengine bado li hai baada ya miaka minane. Ndiyo maana ushauri wa jirani, hata akiwa na nia njema, hautoshi. Huenda anazungumzia sheria ya mahali pengine, au ya aina nyingine kabisa ya kesi.

Sasa mumeo. Namwelewa, na moyoni mwangu ningependa awe sahihi. Haki ya mtu haipotei, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mahakamani haki na njia ya kuidai ni vitu viwili, na njia ina mlango unaofungwa. Ukifika umefungwa, mdaiwa hahitaji kubisha kwamba alikugonga. Hahitaji kusema neno juu ya mguu wako. Anasimama, anataja tarehe mbili, anakaa.

Miaka mingi iliyopita alinijia fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mkono wa kulia ukavunjika vibaya kwenye kiwiko. Alibeba bahasha ya kaki iliyojaa. Ndani mlikuwa na picha za eksirei, risiti zote, na barua kumi na moja za kampuni ya bima, amezinyoosha vizuri kama vyeti vya shule. Nilizipanga mezani kwa tarehe. Zote zilikuwa za adabu: tumepokea barua yako, tunaomba ripoti nyingine ya daktari, suala lako linashughulikiwa, tafadhali vuta subira. Barua ya kumi na moja ilikuwa na mistari mitatu: muda wa kufungua shauri umekwisha, kwa hiyo kampuni haina wajibu tena. Nilihesabu. Nikatoa kalenda nikahesabu upya, kidole juu ya tarehe, yeye akinifuatisha kwa macho. Alikuwa amepitiliza kwa siku tisa. Akaniuliza, "Kwa hiyo, mama wakili, ni kama sikuanguka?" Sikuwa na jibu siku ile, na mpaka leo sina. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, haunyooki.

Simwambii kila mtu kisa hiki, lakini wewe nakuambia kwa sababu bima wako ni wapole. Upole wao huenda ni wa kweli. Hao wanaokupigia simu ni wafanyakazi, wengi wao watu wema. Ila upole hausimamishi muda. Katika nchi nyingi, hasa zile zilizorithi sheria ya Kiingereza, unaweza kuzungumza na bima miaka miwili na nusu, wakakutumia fomu, wakakulipia hata bili moja ya hospitali, na siku zikaendelea kuhesabika vilevile. Kuna nchi zilizofanya tofauti. Ujerumani, kwa mfano, sheria yao ya madai inasema muda unasimama pande mbili zikiwa katika mazungumzo. Lakini hiyo ni lazima iwe imeandikwa kwenye sheria ya nchi yako, si kwenye sauti ya mtu wa simu. Ama muwe mmesaini makubaliano ya maandishi ya kusimamisha muda, yaliyopitiwa na wakili wako. Pasipo moja ya hayo mawili, hesabu kwamba muda unakwenda.

Vivyo hivyo kesi ya dereva. Hili linawaponza wengi kuliko hata bima. Mtu anaona polisi wameshughulika, dereva amefikishwa mahakamani, anajiambia mambo yangu yamo humohumo. Kwa kawaida hayamo. Ile ni kesi ya dola na dereva, na wewe ndani yake ni shahidi. Ikiisha anaweza kutozwa faini au kunyang'anywa leseni, na kwa kawaida fidia ya mguu wako haitakuwa imeguswa. Ni kweli kwamba akitiwa hatiani, katika nchi nyingi hukumu ile itakusaidia sana kwenye madai yako. Lakini unaweza kufungua madai yako kwanza, halafu ukaiomba mahakama isubiri hukumu hiyo. Kusubiri ukiwa ndani ni salama. Kusubiri ukiwa nje ndiko kulikomponza yule fundi.

Utauliza, kwa nini sheria iwe na roho ngumu namna hii? Sababu yake si mbaya. Anayedaiwa naye ni mtu. Ukimshtaki baada ya miaka ishirini, mashahidi wake wamekufa, makaratasi yake yamechanwa, na pengine hata gari lenyewe hana. Kwa hiyo mipaka ya muda ni ya kale. Sheria ya Uingereza ya 1623 ilikuwa tayari imempa aliyepigwa au kujeruhiwa miaka 4 ya kudai. Na kuna wakati mipaka hiyo imewaumiza watu waziwazi. Mwaka 1963, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Cartledge dhidi ya E. Jopling & Sons. Wadai walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kusubu vyuma, waliovuta vumbi la mchanga likaharibu mapafu yao kidogokidogo, kwa miaka, bila dalili. Walipokuja kujua, muda ulikuwa umekwisha, kwa sababu sheria ilihesabu tangu mapafu yalipoanza kuharibika, si tangu mtu alipojua. Majaji waliona kabisa kwamba matokeo hayo si ya haki, wakasema mikono yao imefungwa. Bunge likabadilisha sheria mwaka uleule.

Kutokana na mambo ya namna ile, leo nchi nyingi zina kanuni ya siku ya kujua: maradhi ya mapafu, dawa iliyodhuru, kosa la daktari lililojificha, vinahesabiwa tangu siku ulipojua au ulipopaswa kujua. Watoto nao hungojewa. Huko Uingereza, aliyeumia akiwa mdogo huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18, kwa hiyo ana hadi atakapotimiza 21. Aliyepoteza akili zake kwa ajali naye ana kinga yake. Na baadhi ya mahakama zina mamlaka ya kumhurumia aliyechelewa kwa sababu nzito. Lakini wewe, binti yangu, hayo hayakuhusu. Ulijua umeumia sekunde ileile ulipoanguka. Kwako, nje ya nchi chache za aina ya Ufaransa, siku ya kwanza ni siku ya ajali.

Nikuambie ukweli, hata hivyo: si mpaka wa sheria unaonitia wasiwasi juu yako. Kama gari si la umma, karibu kila mahali bado una miezi mbele yako. Kinachonitia wasiwasi ni ushahidi, ambao haungoji sheria wala mtu.

Fikiria pale ulipogongwa. Kulikuwa na kamera kwenye jengo lililo karibu? Kamera nyingi za ulinzi hujirekodi juu ya zenyewe, picha mpya ikifuta ya zamani, na kwa kawaida ni suala la siku au wiki chache. Kwa miezi saba, kama hakuna aliyeomba picha zile zihifadhiwe, karibu hakika hazipo. Uliza hivyo hivyo. Mara nyingine askari alizichukua, au mlinzi alizinakili kwenye simu yake. Alama za matairi kwenye lami zilifutika kwa mvua ya kwanza au kwa magari ya wiki ile. Gari lenyewe limekwisha kunyooshwa na kupakwa rangi, na kama lina kile kifaa kinachorekodi mwendo na breki katika sekunde chache kabla ya kugongana, huenda data yake imepotea au gari limeshauzwa. Na kivuko chenyewe. Siku ile mistari ilikuwa inaonekana, au ilikuwa imechakaa mpaka dereva atasema hakuiona? Leo huenda imepakwa rangi upya, nyeupe pe, na picha utakayopiga leo haitasema habari ya siku ile. Mtume mtu apige hata hivyo, saa ileile ya siku uliyogongwa, ili ionekane jua linampiga dereva machoni au halimpigi, taa ya barabarani ipo au haipo. Halafu atafute picha za zamani: za polisi, za wapita njia, za watu wenye biashara pale karibu. Mwenye duka anayepiga picha bidhaa zake mlangoni anaweza, bila kujua, kuwa amepiga na kivuko chako.

Mashahidi ni jambo la peke yake. Watu wanadhani kumbukumbu ni kama picha iliyotundikwa ukutani, inafifia tu rangi. Haifanyi hivyo. Inabadilika umbo. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya magari yakigongana. Baadhi wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine "yalipobamizana". Waliosikia neno zito walitaja mwendo mkubwa zaidi. Baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwepo kabisa, lakini waliosikia neno zito walisema waliviona kwa zaidi ya mara mbili ya wale wengine: asilimia 32 dhidi ya 14. Wiki moja tu, na neno moja tu. Sasa mchukue shahidi wako, tuseme mama fulani aliyekuwa nyuma yako siku ile. Kwa miezi saba amelisimulia tukio mara ngapi, na ameulizwa kwa maneno gani? Maelezo yake mazuri kuliko yote ni yale aliyoyatoa mapema, yakaandikwa, akayasoma, akatia saini na tarehe. Mtafute wiki hii. Na ukimpata usimkumbushe. Mwache aseme anachokumbuka, hata kama kuna pale anapotofautiana na wewe. Tofauti ndogo haiharibu kesi. Ushahidi uliofundishwa ndio unaoiharibu.

Kwa upande wa matibabu umesimama vizuri kuliko wengi, kwa sababu ulipelekwa hospitali siku ileile na upasuaji una rekodi zake. Ninaowahurumia ni wale wanaoinuka, wanajipangusa vumbi, wanasema sijambo, wanaenda nyumbani. Mwili ukishtuka huficha maumivu. Shingo iliyochezeshwa kwa nguvu mara nyingi huanza kuuma kesho yake au kesho kutwa, na damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu, hasa kwa wazee, inaweza kuonyesha dalili baada ya wiki kadhaa. Mtu wa namna hiyo akienda kwa daktari wiki ya tatu, bima watamwuliza swali moja: kama uliumia kweli, wiki tatu ulikuwa wapi? Wewe swali hilo halikupati kwa paja. Lakini linaweza kukupata kwa mengine. Kama tangu ajali una maumivu ya mgongo, kichwa, huli vizuri, hulali, unashtuka gari likipiga honi, na hukumwambia daktari kwa kuona ni madogo mbele ya mfupa uliovunjika, mwambie kwenye kliniki ijayo. Aandike. Kisichokuwa kwenye faili la hospitali, kwa bima hakijatokea.

Na uwe na daftari. Sizungumzii shajara ya maneno mengi, mstari mmoja kwa siku unatosha. Kuna mteja wangu mmoja aliyeandika, "Leo nimekaa kitako kwenye ngazi ya tatu nikamwita mtoto aje yeye, kwa sababu siwezi kumfuata." Nilikuwa na kurasa arobaini za ripoti za madaktari kwenye faili lile, na ni mstari huo wa daftari uliomfanya wakili wa upande wa pili aache kuandika akainua kichwa. Baada ya miaka miwili hutaukumbuka mstari wa namna hiyo. Utasema tu nilipata shida, na kila mdai husema alipata shida.

Nije kwa bima, kwa sababu wamekuambia nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu. Wamesema usizungumze fidia mpaka upone. Kwenye kiwango cha fedha, wako sahihi, na mimi nakuambia vilevile. Mfupa wa paja unaweza kuchelewa kuunga. Unaweza kukataa kabisa, ukahitaji upasuaji wa pili. Chuma kinaweza kuhitaji kutolewa. Goti au nyonga inaweza kuanza kusagika miaka kadhaa baadaye kwa sababu mguu mmoja umebaki mfupi kidogo. Ukisaini leo karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho", umeuza na hayo yote ambayo bado hujayaona, na mahakama mara chache sana itakufungulia tena. Kwa hiyo wanapokuja na hundi ya haraka, pole pole.

Nusu waliyoiacha ni hii: kudai mapema na kulipwa mapema si kitu kimoja. Watu huvichanganya kwa sababu vyote tunaviita kudai. Kuna kutoa taarifa, kuna kukusanya ushahidi, kuna kufungua shauri, na kuna kukubali kiasi. Hayo matatu ya kwanza hayana sababu hata moja ya kungoja mfupa uunge. Ni la nne peke yake linalongoja. Shauri linaweza kufunguliwa wakati bado unatembelea gongo, na kiasi kikaachwa wazi au kikarekebishwa madaktari watakapojua mguu umefikia wapi. Tena utaona jambo: bima wakijua shauri limefunguliwa, mazungumzo hubadilika. Anayejua kwamba muda ukipita atalipa sifuri hana haraka. Anayejua kwamba kuna tarehe ya kufika mahakamani anayo.

Neno moja juu ya simu zao za kila mwezi. Sisi tunaosema Kiswahili, tukiulizwa hali mdomo hujibu nzuri kabla akili haijafika. "Unaendeleaje, dada?" "Nashukuru, naendelea vizuri." Ni adabu tu, hata mgonjwa mahututi hujibu hivyo. Lakini simu zile mara nyingi hurekodiwa, na siku moja mtu atasoma kwenye karatasi kwamba mwezi wa nne ulisema mwenyewe unaendelea vizuri. Usiwe mkali kwao. Waambie, "Bado natibiwa, tafadhali niandikieni," ukate simu kwa heshima.

Sababu nyingine ya kutongoja, ambayo watu huijua mwishoni: kumjua wa kumdai kunachukua muda. Aliyekuwa kwenye usukani anaweza kuwa si mwenye gari. Mwenye gari kwenye kadi anaweza kuwa aliliuza bila kubadilisha jina. Dereva anaweza kuwa alikuwa kazini, na mwajiri wake naye akawa na wajibu. Kampuni zinafungwa, zinabadilisha majina. Ukifungua shauri wiki ya mwisho dhidi ya jina lisilo sahihi, utagundua kosa wakati mlango umeshafungwa, na kumwingiza mdaiwa mpya wakati huo ni vita vyake. Ukifungua mapema, kosa la jina ni barua moja na marekebisho.

Basi wiki hii ufanye hivi. Tafuta kwenye mamlaka ya usajili wa magari, au mwombe wakili akutafutie, gari lilikuwa limesajiliwa kwa jina la nani siku ya ajali. Omba nakala ya taarifa ya polisi na mchoro wa eneo. Omba faili lako lote la hospitali, na picha za eksirei ndani yake, si ile kadi ya kliniki peke yake. Weka risiti zote, na za teksi za kwenda kliniki pia, pamoja na barua ya mwajiri inayoonyesha siku ulizokosa kazi. Mpeleke mtu kwenye kivuko. Halafu nenda kwa wakili anayeshughulikia madai ya kuumizwa, na mumeo akusindikize, si kwa kubishana naye bali kwa sababu alikuona ulivyokuwa wiki zile za mwanzo, na anakumbuka mambo ambayo wewe kwa maumivu hukuyaona.

Kabla hujaketi vizuri kwa wakili, mwulize: siku ya mwisho ya kufungua shauri langu ni tarehe ngapi? Asikujibu kwa miaka, akujibu kwa tarehe, na aiandike kwa mkono wake. Mwulize pia atalifungua lini, na uelewe kwamba faili lako kuwa kwenye kabati lake si kufungua. Limefunguliwa pale masijala ya mahakama itakapolipokea, ada ikalipwa, na nambari ya shauri ikatoka. Omba nakala yenye muhuri. Tarehe ile uibandike kwenye jalada la daftari lako, hapohapo juu ambapo mumeo naye ataiona kila siku. Ukishaipata niandikie tena, na safari hii uniambie gari lilikuwa la nani.